Ikinuka Iache, Ikinukia Imwage

Watu wa Sefrou, mji mmoja wa Moroko, walimwita Lalla Ghalia "Pua," naye hakuchukia. Jina lenyewe alilirithi pamoja na duka. Baba yake, marehemu Ba Haddou, aliitwa hivyo hivyo, na alipokufa alimwachia kijumba chembamba karibu na daraja la mto, chenye rafu tatu za mitungi ya udongo, na ndani ya mitungi samli. Si samli hii ya mkebe ambayo mtu anapaka mkate akasahau. Hii ni siagi iliyooshwa, ikatiwa chumvi na majani makavu ya mlimani, ikafungiwa gizani mwaka, miwili, mingine miaka kumi, mpaka ikawa na harufu ya kumtoa mgeni mbio na kumrudisha mwenyeji kwao. Kijiko kimoja tu ndani ya sufuria, jirani wa tatu anajua leo kwako kuna kuskusi.

Ghalia hakusoma zaidi ya kuandika jina lake, na hilo jina lenyewe aliliandika kwa mashaka. Lakini umfunulie mtungi, atakwambia ng'ombe alilishwa bondeni au mlimani, na mwanamke aliyesukasuka maziwa yale aliosha siagi mara tatu au alikuwa na haraka ya kwenda harusini. Wanawake wa milimani waliteremka na mitungi yao, wakasimama mbele yake kama wanafunzi mbele ya mwalimu wa hesabu. Yeye hufumba macho, huinama, hunusa mara moja. Mara moja tu. Ba Haddou alikuwa akisema kwamba pua ya kwanza husema kweli, na ya pili husema unachotaka kusikia.

Na alikuwa na neno jingine Ba Haddou, ambalo Ghalia alilishika tangu hajang'oka meno ya utoto. Mafuta hayafi, mzee alisema, hugeuka tu. Yaache yageuke. Yakiwa makali, yakichacha, yakinuka beberu au ngozi ya tandiko, usishituke, huo ni uzee wao na uzee una heshima. Lakini ukifungua mtungi ukapokewa na harufu tamu, kama ya tunda lililoiva, usifurahi. Hapo pana maji yaliyoingia, na mafuta yameshika njia isiyo. Samli ikinuka, iache. Ikinukia, imwage.

Mumewe alikuwa Si Allal, mshoni wa magodoro ya sufu yale marefu ya sebuleni. Mtu mpole, mwenye mikono mipana na masharubu ambamo nyuzi za sufu zilipenda kukaa. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, na utani wao haukuisha. Allal aliwaambia watu kwamba yeye alioa pua, mwanamke mzima nyuma yake alikuja kama nyongeza ya muuza nyama. Ghalia akajibu kwamba usiku wa harusi alidhani wamemletea kondoo aliyenyeshewa, na kwamba amekaa akimngoja akauke mpaka leo. Lakini harufu ile ya sufu mbichi na jasho ndiyo aliyoijua kama wanawake wengine wanavyojua hatua za waume zao ngazini. Allal alikuwa hajafika mlangoni, yeye alishaweka birika motoni.

Sukari ilimwingia Allal miaka sita kabla ya haya. Wakaanza na vidonge, kisha wakahamia kwenye sindano. Na hili jina la sukari ndilo lililotaka kumuua, kwa kuwa mtu akiambiwa ana sukari, hupigana na sukari. Allal aliacha sukari kwenye chai ya nanaa, jambo ambalo kwa watu wa pale ni karibu na kuhama mji. Alikunywa uchungu huo mbele ya wageni akiwa ameinua kidevu, kama askari. Na akadhani vita ni hiyo tu. Nesi wa zahanati, Zhor, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuza samaki, aliwahi kuangalia karatasi ya vipimo akamwambia kwamba damu yake ina mafuta mengi pia, asitazame sukari peke yake. Allal alicheka. Alisema damu ya mume wa muuza samli itakuwa na nini, siki?

Hata siku ile Ghalia alipomvua viatu akakuta shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magodoro, imezama kwenye unyayo wake nusu kidole, na mwenyewe anaendelea kuhadithia habari za bei ya sufu, Allal hakuona jambo kubwa. Alisema unyayo wa fundi ni kama soli. Ghalia aliichomoa, akalifunga jeraha, lakini hakuridhika.

Basi ikaja Ramadhani, na mwaka ule iliangukia mwezi wa sita, wakati mizeituni imesimama kimya kwa joto na jua halina haraka ya kwenda kulala. Daktari alikwishamwambia Allal asifunge. Allal aliitikia kwa kichwa kama mtu anavyomwitikia trafiki. Alikuwa amefunga tangu ana miaka kumi na mmoja, na isitoshe, mwezi ule ndio wa kazi, kila nyumba inataka magodoro yafumuliwe na kushonwa upya kabla ya Idi. Akajipigia hesabu yake mwenyewe. Sindano kazi yake ni kushusha sukari. Sukari inatokana na chakula. Mimi sili. Sasa hiyo sindano ishushe nini? Juu ya hayo alikuwa na hofu kwamba dawa ikipita kwenye ngozi itaharibu funga, ingawa imamu wa mtaani alikwishasema haiharibu. Siku ya kwanza aliiacha mchana. Usiku akajiona mwepesi, akaiacha na usiku. Mkewe alimwona kila magharibi akiingia jikoni, akifungua friji, akifunga. Akadhani amejichoma sindano yake, kumbe alikuwa akiiangalia tu.

Siku ya tisa, baada ya alasiri, Ghalia alimpelekea nyuzi dukani kwake. Allal aligeuka kumshukuru, na pua ya Ghalia ikapokea kitu. Tufaha. Tufaha lililoiva mpaka likaanza kulegea, na nyuma yake ukali kidogo kama wa ile rangi ya kucha ya wasichana. Hapakuwa na harufu ya sufu, wala ya kinywa kilichokaa mchana kutwa bila maji. Aliweka nyuzi juu ya meza akarudi nyumbani na moyo mzito kama jiwe la kusagia. Allal anakula mchana, alijiambia. Na kilichomuuma hakikuwa kula, maana daktari kamruhusu, na yeye Ghalia angempikia kwa mikono yake akamwekea. Kilichomuuma ni kufichwa. Miaka thelathini na mmoja, halafu mtu anajificha na tufaha kama mwanafunzi.

Kesho yake akaenda tena, na safari hii akaanza kupekua malundo ya sufu kutafuta kokwa na maganda. Allal akamwuliza anatafuta nini. Akasema pete yake imeanguka. Yule bwana, Mungu amweke, akaacha kazi, akapiga magoti, akaanza kupekua sufu pamoja naye, konzi baada ya konzi, akihema kama mtu anayepanda kilima, na pete iko kwenye kidole cha mkewe pale pale mbele ya macho yake. Hakuiona. Mwishowe alimwambia asihuzunike, Idi ikifika atamtafutia nyingine. Ghalia alitoka pale akiwa na aibu ya watu wawili.

Sasa, harufu haina mlango wa kufungwa. Msikitini Allal alisimama safu moja na Ba Miloud, muuza mifagio wa duka la pili, mzee mwenye imani nyingi na maneno mengi kuzidi imani. Vinywa vya safu nzima saa ile ya alasiri, katika joto lile, unavijua. Wote walifundishwa tangu utotoni kwamba kinywa cha mfungaji, hata kikinuka vipi, kina heshima yake mbele ya Mola. Je, na kile kinachonukia hapa hapa duniani, mbele ya watu? Ba Miloud hakuhitaji kuuliza mara mbili. Kufika magharibi mtaa mzima ulijua kwamba funga ya Si Allal imepokelewa kabla mwezi haujafika nusu. Wakaanza kumbusu bega. Mwanamke mmoja alileta mtoto wake mlizi ili ampulizie usoni. Na Allal alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, uso umepauka, kwa hiyo hata sura ilimkubali. Kiu? Nani hakuwa na kiu mwezi ule?

Alimsimulia mkewe haya kwa macho ya chini, kama bibi harusi. Ghalia, ambaye siku tatu nzima alikuwa akiishi na mla tufaha, sasa anaambiwa anaishi na walii. Ikabidi aulize.

"Allal, mwana wa watu. Unakula matunda mchana?"

Allal alitazama kidole cha mkewe chenye pete. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. "Ile pete," alisema. "Ulikuwa unatafuta makokwa."

"Nilikuwa natafuta makokwa."

"Wallahi, Ghalia, sijaonja kitu." Akakaa chini taratibu, mkono tumboni. Alisema tumbo linamkata kidogo, bila shaka ni ile supu ya harira ya jana.

Ghalia alimjua mumewe. Allal angeweza kukuongopea juu ya siku ya kumaliza godoro, kama mafundi wote duniani, lakini haapi bure. Kwa hiyo si tufaha. Na yeye, aliyenusa maisha yake yote, alinusa tufaha. Akalala na swali hilo, akaamka nalo.

Siku ile Yezza, mmoja wa wale wanawake wa milimani, aliteremka na mtungi wa miaka miwili. Ghalia akafungua kifuniko, akafumba macho, akainama. Harufu tamu ikampanda puani, laini, kama ya tunda lililosahauliwa kabatini. Yezza alikuwa tayari akijitetea, anasema ule mtungi uliwekwa karibu na kisima lakini si karibu sana.

"Maji yameingia, dada," Ghalia alimwambia, kama alivyomwambia mwanamke yeyote kwa miaka yote ile. "Mafuta yamepotea njia. Ikinuka iache, ikinuki..."

Hakumaliza. Alisimama na kifuniko mkononi. Yezza alimwuliza kama anaumwa. Ghalia aliweka kifuniko kifuani mwa yule mama, akatoka, duka wazi, mitungi wazi, akikimbia kwa makubazi ambayo mtu hakuyashona kwa ajili ya kukimbilia.

Alipitia nyumbani kwanza. Alifungua friji, na pembeni ya siagi yake akakuta kisanduku cha dawa ya Allal kimefungwa gundi kama kilivyotoka kwa muuza dawa. Alikitia kifuani, akaondoka.

Dukani alikuta watu. Allal alikuwa ameegemezwa kwenye lundo la sufu, ametapika, anavuta pumzi ndefu na nzito bila kukoma, na duka zima limejaa harufu ya bustani. Ba Miloud alikuwa amepiga magoti anampepea kwa ufagio mpya. Watu walikuwa wakishauriana kwa sauti ya chini. Walisema asisumbuliwe, waja wa namna hii wana vituo vyao vya kumkaribia Mola, na magharibi imebaki saa tatu tu, ni hasara iliyoje kumfungulisha sasa mtu aliyefika mbali hivi.

Ghalia alisema apelekwe zahanati. Ba Miloud akamwomba kwa upole asiharakishe. Akamkumbusha harufu.

"Harufu, Ba Miloud, niachie mimi," Ghalia alisema. "Wewe uza mifagio. Hiki unachokinusa ni mafuta yanayooza vibaya, na mtungi wenyewe ni huyu."

"Niache mpaka magharibi," Allal alisema kutoka kwenye sufu. Sauti yake ilikuwa ya mbali.

Ghalia aliinama mpaka uso wake ukakaribia uso wa mumewe. "Magharibi utaifikia kwa miguu yako, au tutaifikia sisi tumekubeba? Walii anaweza kungoja. Mume wangu hawezi."

Wanaume waliusogeza mkokoteni wa Allal wa kubebea magodoro, wakamlaza juu ya sufu ya mteja, na Ba Miloud mwenyewe, na funga yake, na miaka yake sabini, akashika mpini akasukuma kupanda kilima chote mpaka zahanati.

Zhor hakupoteza wakati. Alimchoma kidole, akatazama namba, akaguna. Akapata mkojo kidogo, akachovya kijikaratasi, na kijikaratasi kikageuka zambarau, kikazidi, mpaka kikawa rangi ya biringani. Ghalia akamwonyesha kisanduku kilichofungwa. Zhor alikitazama, akamtazama Allal, na kwa mara ya kwanza sauti yake ya sokoni ikashuka. Alimwekea maji ya mshipani, akaita gari la hospitali kubwa, na walipokuwa wakilingoja akawaeleza, maana Ba Miloud alikuwa amesimama mlangoni akilia na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfukuza.

Alisema sindano ile si ufagio wa kufagia sukari tu. Ni ufunguo. Bila ufunguo huo sukari hujaa kwenye damu kama watu mlangoni, haiingii ndani ya mwili, na mwili unakaa na njaa katikati ya shibe. Basi mwili huanza kuvunja mafuta yake wenyewe. Ini huyapika kwa pupa, mengi kuliko yanavyoweza kutumika, na kinachotoka ni asidi, nayo huchachua damu. Kidogo chake huruka na kutoka kwa pumzi. Hiyo ndiyo harufu. Na wala usimngoje mgonjwa anukie, alisema, wapo wasionukia, na zipo pua zisizoisikia kabisa. Yake yeye Zhor, miaka yote kazini, huisikia kwa mbali sana.

"Kwa hiyo ni samli," Ghalia alisema.

Zhor aliangalia chupa ya maji inavyodondoka. "Ni samli, Lalla Ghalia. Iliyopotea njia." Kisha akaongeza kwamba hata siku za utulivu, mafuta yale yaliyozidi kwenye damu huvunjika vipande vipande, na baadhi ya vipande hivyo humomonyoa mishipa ya damu na ya fahamu polepole, miaka na miaka, pamoja na sukari. Akauliza kama miguu yake ina hisia. Ghalia alikumbuka shazia.

Siku mbili hospitalini hakuna aliyesema lolote la hakika. Ghalia alikaa kwenye benchi la korido na kila walipomruhusu aliingia, akainama juu ya kitanda, akanusa mara moja, akatoka. Wauguzi walidhani anambusu. Siku ya tatu alfajiri akainama, akakuta kwa chini kabisa, chini ya dawa na mashuka, kondoo aliyenyeshewa. Ndipo alipokaa chini akalia.

Mwezi ulibaki siku kadhaa. Allal alirudi nyumbani, sindano kwa saa zake, chakula kwa saa zake, na badala ya kila siku aliyokosa walimlisha mhitaji mmoja. Hilo la kulisha lilimpendeza, la kula mchana lilimshinda. Alisema watu watasema nini, juzi walii, leo mla mchana. Ghalia alifunga mlango wa jikoni, akamwekea sahani, naye akiwa na funga yake akakaa pembeni akichambua dengu, amempa mgongo kidogo, asijione anatazamwa. Siku ya pili Ba Miloud alibisha hodi na mifagio mitatu ya bure. Alisema amekuja kuomba msamaha, na kwamba mgongo wake, tangu kusukuma ule mkokoteni, unauma kwa namna ambayo si ya kawaida, huenda ikawa kuna baraka kidogo iliyobaki. Allal alicheka mpaka akapaliwa na mkate, na mzee akajifanya hakuona mkate.

Yezza alikuwa amelinda duka siku ile mpaka jua likazama, kifuniko bado mkononi. Samli yake Ghalia aliimwaga, sheria ni sheria. Lakini mtungi aliuomba, akauosha, akauanika, akauweka juu ya friji, na humo Allal hutia sindano zake zilizokwisha kutumika. Ghalia akipita huutikisa kidogo, asikie kama umeongezeka.

Na kila asubuhi, kabla ya Allal kwenda kwenye sufu yake, huketi ukingoni mwa kitanda akanyoosha miguu. Ghalia hukagua nyayo, kidole kwa kidole, kwa macho na kwa mikono. Kisha Allal hufungua kinywa, kama mtungi, na mkewe hufumba macho akainama.

"Unanuka, Allal," humwambia.

"Alhamdulillahi," husema Allal, na kutafuta viatu vyake.